Utasa wa 4,294,967,297

Katika istilahi zote za hisabati za shule ya msingi, ninayoipenda kuliko zote ni namba tasa. Shufwa na witiri zina asili ya Kiarabu, na zimekaa kwenye hesabu kwa utulivu. Tasa ni neno zito la nyumbani na la zizini, la mtu au mnyama asiyezaa, nasi tukalikabidhi 2, 3, 5, 7, 11 na wenzao, wasiogawika ila kwa 1 na kwa wenyewe.

Ni hukumu, na hukumu hutaka ushahidi. Kwa 11 ushahidi uko mkononi. Kwa namba kubwa, hata bingwa huweza kuhukumu mapema mno.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa, alikuwa na namba tano: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja ni 2 iliyopandishwa kwa kipeo fulani, kisha ikaongezwa 1, vipeo vikiwa 1, 2, 4, 8 na 16. Zote ni tasa. Akaamini kwamba inayofuata, ya kipeo cha 32, ni tasa pia: 4,294,967,297.

Ukiipima haraka utamwelewa. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 59, basi 3 haimo. Jaribu 7, 11, 13: kila mara panabaki kitu.

Ikabaki na sifa hiyo hadi 1732, Leonhard Euler alipoonyesha kwamba ni 641 mara 6,700,417. Baadaye alieleza njia: kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa sharti hilo wanaostahili kujaribiwa ni wachache sana: 193, 257, 449, 577, kisha 641. Mara ya tano tu, mlango unafunguka!

Hapa ndipo Kiswahili kinaponifurahisha zaidi. 641 ni kigawo, 4,294,967,297 ni kigawe chake. Irabu moja ya mwisho inatenganisha kinachogawa na kinachogawiwa: -o ya chombo, kama ufunguo, -e ya kilichotendwa, kama kiumbe. Mwanafunzi anayechanganya KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika) angeelezwa hivyo mapema, asingehitaji kukariri.

Nami ningependa walimu, kabla ya kukubali jibu "ni tasa", waulize: umejaribu vigawo vipi? Maana kutopata kigawo na kutokuwa na kigawo ni mambo mawili. Namba iliyofuata katika ukoo huo wa Fermat, 18,446,744,073,709,551,617, ilingoja hadi 1855, Thomas Clausen alipokipata kigawo chake: 274,177.