Mawe Juu ya Bati

Ndugu msomaji, kama umewahi kulala kwenye nyumba ya bati Bukoba, unajua kwamba usiku bati huongea. Mchana jua limelichoma, usiku linapoa na kujikunja, basi linalia ka! ka! mpaka alfajiri. Parachichi likidondoka ni kishindo. Mvua ndiyo usiseme. Kwa hiyo mtu wa kwetu hashtuki ovyo. Lakini mwishoni mwa mwaka 2016, nyumbani kwetu Nshambya, tulishtuka.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba mwaka ule, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu zaidi ya kumi na watano walikufa, mamia wakaumia, nyumba zikalala chini. Yetu haikuanguka, ila ukuta wa chumba cha watoto ulipata ufa wa kuingiza kidole. Tulilala nje kwenye migomba siku kadhaa. Tulipothubutu kurudi ndani, ndipo mawe yakaanza. Saa tatu kwenda saa nne usiku, jiwe moja juu ya bati, kimya, kisha jingine. Baba anatoka na tochi, hakuna mtu. Siku moja sufuria ikaanguka jikoni yenyewe. Siku nyingine chumvi ikakutwa imemwagwa kitandani kwa mama.

Kila mtu alikuwa na lake. Bibi alisema ni abazimu, maana kaburi la babu pale kibanjani lilikuwa limeota majani. “Waitu, mzee wenu anauliza kama mmemsahau,” alisema. Jirani mmoja aliyewahi kukaa Dar akasema hapana, hayo ni majini ya kutumwa. Baba, mtu wa shule, alisema ni wahuni wanaotaka tuhame. Lakini wote watatu, kila mmoja kwa njia yake, waliishia mahali pamoja: kwa dada yetu.

Huyo alikuwa binti wa marehemu shangazi, umri miaka kumi na minne, aliyeletwa kwetu baada ya mazishi. Hakuwa msemaji. Eti mawe yalianza baada ya yeye kuja. Eti sufuria ilianguka siku ya zamu yake. Bibi akasema mzimu umemfuata kutoka kwao, jirani akasema amebeba kitu, baba akasema huenda anawajua hao wahuni. Mwezi Januari akapelekwa kwa ndugu wengine, mbali, na shule ikaishia hapo. Mawe yakakoma. Watu wakasema, unaona?

Sasa niseme jambo ambalo siku zile sikulisema. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Jiwe mojawapo, la Jumapili moja, nililirusha mimi nikiwa nyuma ya choo, kwa utani tu, nione watakavyokimbia. Yale mengine siyajui mpaka leo.

Ndiyo sababu nilipokutana na habari za kicheko cha Kashasha sikuweza kuzisoma kama kichekesho, ingawa wengi huzisimulia hivyo. Kashasha iko huku huku kwetu, siku hizi wilaya ya Muleba. Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba tu na siku chache baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha walianza kucheka wasiweze kujizuia. Walicheka, wakalia, wakatulia, wakaanza tena. Kufikia tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Walimu hawakupatwa hata mmoja.

Hebu fikiria sasa. Shule imefungwa, wasichana wanarudi makwao. Kucheka kukarudi nao, kukaingia majumbani. Huko Nshamba (usichanganye na Nshambya yetu ya mjini) watu 217 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei. Kashasha ikafunguliwa tarehe 21 Mei, wengine 57 wakapatwa, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Mwezi huo huo, katika shule ya wasichana ya Ramashenye karibu na Bukoba mjini, 48 kati ya 154 wakaanza. Msichana mmoja wa Ramashenye alipofika kwao Kanyangereka, waliofuata kupatwa walikuwa watu wa nyumba yake mwenyewe, kisha majirani.

Wazazi wale waliwaza nini usiku, mtoto anacheka chumbani huku machozi yanamtoka, na ukimshika anakurushia ngumi? Watu waliita akajanja, yaani wazimu tu. Wengine walisema hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki. Daktari Rankin na Daktari Philip, walioandika habari hizi mwaka 1963, wanaeleza kwamba wagonjwa walipimwa damu na maji ya uti wa mgongo, na chakula kikachunguzwa. Hakikuonekana kijidudu wala sumu. Hakuna aliyekufa. Wakahitimisha kwamba ni ugonjwa wa hofu unaoambukizana watu wakiwa pamoja.

Ila kuna mstari mmoja kwenye taarifa yao ambao kwangu unazidi hesabu zote. Baadhi ya wagonjwa walisema wanahisi vitu vinatembea kichwani mwao, na wanaogopa kwamba kuna mtu anawafukuza. Mtu anawafukuza! Hicho si kicheko, ndugu yangu. Mwaka 2007 mtaalamu Christian Hempelmann alirudia habari ile akasema wazi kwamba pale hapakuwa na cha kuchekesha, kucheka kulikuwa dalili tu ya watu waliosongwa.

Wazungu nao wana mawe yao. Wajerumani, wale wale ambao Emin Pasha alikuja kuwafungulia kituo Bukoba mwaka 1890, wana jina la pepo wa namna hii: poltergeist, pepo mwenye fujo. Mwaka 1977 katika nyumba moja ya Enfield, London, viti vilisogea na kuta zikagongwa, na katikati ya yote alikuwa msichana wa miaka 11. Baadaye alikiri kwamba sehemu ndogo walifanya wenyewe, nyingine hawakufanya. Niliposoma hayo nilikumbuka choo chetu.

Usidhani haya huishia kwenye kuhamishwa shule. Mwaka 1995 Popobawa alipotikisa Pemba na Unguja, watu wakilala nje ya nyumba zao kwa makundi, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa mjini Zanzibar kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Tangu 1928 tuna sheria inayokataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Sheria ipo, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyetamka neno mchawi. Walisema tu, “Huyu mtoto apumzike kwa wenzake kwanza.”

Mwaka jana nilimtembelea. Anashona nguo, ana mtoto mmoja. Nilimweleza juu ya jiwe langu. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, kisha akasema, “Najua, kaka. Nilikuona. Nilikuwa naenda chooni.”

Nikamuuliza mbona hakusema. Akauliza, kwani nani alimuuliza?

Baadaye, tukinywa chai, nilimsimulia ya Kashasha. Alitaka kujua kitu kimoja, kama wale wasichana walirudi shule wakamaliza. Nilimwambia nina hesabu yao, 95 na 57 na 48, lakini sina hata jina moja.