Kisanduku cha mawingu: Chombo kinachofichua chembe zisizoonekana

KISANDUKU cha mawingu ni chombo kinachomwezesha mtu kuona kwa macho yake njia zinazopitiwa na chembe zilizo ndogo kuliko atomu.

Asili yake ni mwanafizikia wa Scotland, Charles Wilson, ambaye mnamo 1894 alivutiwa na mawingu akiwa katika kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Ben Nevis. Alipojaribu kuunda wingu maabarani, alipata chombo ambacho kufikia 1911 kilinasa picha za nyayo za chembe. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1927. Kwa kutumia chombo cha aina hiyo, Mmarekani Carl Anderson aligundua positroni mwaka wa 1932.

Aina iliyo rahisi huhitaji sanduku la plastiki angavu, kitambaa kinene, bamba jeusi la chuma, alkoholi safi ya aisopropili, barafu kavu na tochi. Kitambaa hulowekwa alkoholi na kubandikwa ndani ya sanduku, kwenye kitako. Kisha sanduku hufunikizwa juu ya bamba na kingo zikazibwa. Bamba hulazwa juu ya barafu kavu, ambayo baridi yake ni nyuzi 78 chini ya sufuri.

Mvuke wa alkoholi hushuka na kupoa mno, lakini hukosa cha kushikamana nacho ili uwe matone. Chembe yenye chaji ipitapo, hung'oa elektroni kutoka kwa atomu za hewa. Mvuke hushikamana na ayoni zinazobaki na kuacha mchirizi mweupe. Dakika chache zikipita, michirizi huonekana katika mwanga wa tochi.

Michirizi mifupi na minene ni ya chembe za alfa. Ile mirefu iliyonyooka aghalabu ni ya myuoni, ambazo huzaliwa miale ya kutoka anga za mbali inapogonga hewa ya dunia. Takriban myuoni moja hupenya kiganja cha mkono kila sekunde.

Barafu kavu huunguza ngozi na gesi yake huweza kukaba pumzi. Hivyo glavu nene na chumba chenye madirisha wazi ni lazima. Isifungiwe kamwe ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Alkoholi nayo iwekwe mbali na moto.

Mtambo mkuu wa CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, una mzingo wa kilomita 27, na ni wachache watakaoufikia. Hata hivyo, myuoni hunyesha kila mahali, na mwanafunzi aliyezoea kuzikariri kitabuni anaweza kuzishuhudia akiwa darasani mwake.