Habari na Fedha Zilivyofika Asumbi

Neno "simu" lina asili ya Kiajemi, na maana yake katika lugha hiyo ni waya. Watu wa pwani walipoanza kulitumia hawakuwa na fikira ya chombo cha kusemea sikioni. Walisema habari za ule waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja mwaka 1879, ambao kwa njia yake maneno ya Ulaya yaliweza kufika siku ile ile. Leo chombo tunachokiita simu hakina waya, lakini jina limebaki. Nataka kueleza jinsi chombo hicho kilivyokuja kushika maisha ya mahali pamoja palipo mbali sana na bahari, yaani Asumbi, upande wa Rangwe katika Kaunti ya Homa Bay, si mbali na nchi ya Wagusii.

Watu wengi husema kwamba siku hizi tumekuwa watumwa wa simu, kana kwamba zamani kila nyumba ilijitegemea yenyewe bila kungoja neno kutoka nje. Historia haikubali hivyo. Ni kweli kwamba katika nchi ya Wajaluo hapo kale habari za haraka hazikuhitaji zaidi ya pembe, ngoma ya msiba, na ule ukelele wa hatari uitwao nduru. Aliyesikia nduru hakuuliza maswali. Alishika mkuki akakimbia kuelekea sauti. Mali nayo ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe hana haja ya kutumwa kwa posta, kwa kuwa ana miguu.

Mambo yaligeuka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwezi wa Desemba mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali panapoitwa sasa Kisumu. Serikali ya Kiingereza ikatoza kodi ya nyumba, na kodi hiyo haikulipwa kwa maneno. Basi wanaume wakatoka: wengine kwenye kazi za reli, wengine katika bandari ya Mombasa, na baadaye wengi katika mashamba ya chai ya Kericho. Tangu wakati huo nyumba moja ilikaa mahali pawili. Mke, watoto na shamba walikuwa Nyanza ya Kusini. Mshahara ulikuwa umbali wa safari ya siku moja, au mbili, au tatu. Sukari, kodi, na baadaye ada ya shule, vyote vilingoja kitu kitoke mbali. Hapo ndipo utegemezi ulipoanza, karibu miaka mia moja kabla ya simu ya mkononi.

Je, vitu hivyo vilifikaje? Vilifika kwa njia nyingi, na wingi huo ndio ninaotaka msomaji autazame. Meli za reli zilizunguka ziwa kutoka Kisumu, zikatua Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, zikishusha abiria, magunia na mifuko ya barua. Asumbi palikuwa na misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa na mapadre wa Mill Hill, na kama ilivyokuwa katika misheni na shule nyingi za Kenya, sanduku moja la posta lilitumiwa na watu wa kijiji kizima. Barua ilipofika, mtoto wa shule aliibeba mpaka nyumbani kwa mwenyewe. Mara nyingi ni yeye pia aliyeisoma, maana mwenyewe hakujua kusoma. Na mama mzee akitaka kujibu, mtoto aliketi chini akaandika aliyoambiwa, pamoja na salamu za watu wote wa boma wakitajwa mmoja mmoja. Fedha zilikuja kwa hawala ya posta, au zilishonwa katika pindo la nguo ya ndugu aliyekuwa akirudi likizo, au alipewa kondakta wa basi ndani ya bahasha. Neno la haraka lilikuja kwa simu ya maandishi, ambayo ililipiwa kwa hesabu ya maneno, na kwa hiyo watu walijifunza kusema msiba kwa maneno matatu.

Sina nia ya kuzisifu njia hizo kupita kiasi. Barua ilipotea. Bahasha ilifika ikiwa nyepesi kuliko ilivyotoka. Mtoto aliyesoma barua alijua siri za ndoa za watu wazima, na si kila mtoto aliyejua kunyamaza. Nyaya za simu nazo hazikuwafikia wengi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu lilivunjika nayo, na Kenya ikaunda la kwake. Shirika hilo lilipogawanywa mwaka 1999, nchi yenye watu zaidi ya milioni 28 ilikuwa na laini za nyaya karibu 300,000 tu, nyingi zao zikiwa mijini.

Haishangazi, basi, kwamba simu ya mkononi ilipokelewa kama mvua. Mwaka 2000 kampuni mbili zilianza kuisambaza kwa watu wa kawaida, na tarehe 6 Machi 2007 ikaanzishwa M-Pesa. Huduma hiyo ilikuwa imefikiriwa kwanza kama njia ya kulipa mikopo midogo. Lakini wananchi waliigeuza kuwa njia ya kupeleka fedha nyumbani, kazi ambayo babu zao walikuwa wakiifanya kwa pindo la nguo. Haikupita hata mwaka mmoja ikajaribiwa vikali. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, barabara zilifungwa na mabasi yakasimama, lakini fedha na salio la kupigia simu viliweza kumfikia ndugu aliyekwama. Mwaka 2016 wachumi wawili, Tavneet Suri na William Jack, walikadiria kwamba M-Pesa ilikuwa imeziondoa katika umaskini nyumba 194,000 za Kenya, yaani nyumba 2 katika kila 100, na kwamba faida ilionekana zaidi kwa nyumba zinazoongozwa na wanawake. Anayeiita simu mchezo wa vijana na aitazame hesabu hiyo.

Lakini njia nyingi zimekuwa moja. Simu ya maandishi imekwisha, hawala ya posta imebaki na watumiaji wachache, na kondakta wa basi hapewi tena bahasha. Mama wa Asumbi apokeaye shilingi 500 kutoka Nairobi haoni mashine zinazomfikishia, na mpaka mwaka 2015 mashine kuu za M-Pesa hazikuwa hata Kenya, bali Ujerumani. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulizimika katika sehemu kubwa ya nchi, hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Minara ya simu ina betri na jenereta zake, kwa hiyo iliweza kusimama kwa muda. Simu iliyokwisha chaji mfukoni haina jenereta. Mwenye simu kama hiyo, hata akiwa na maelfu ndani yake, hawezi kununua mkate.

Tena kuna hasara nyingine ndogo ambayo haimo katika vitabu vya wachumi. Zamani mtu alijua anwani ya nduguye kwa moyo, na namba ya sanduku haikumtoka. Sasa namba zote zinakaa ndani ya chombo, wala hatuzikumbuki. Wanafunzi wa shule za bweni hawaruhusiwi kuwa na simu, na Asumbi pana shule ya wasichana ya namna hiyo. Msichana akitaka kuzungumza na mama yake, humwendea mwalimu, na mwalimu humwuliza namba. Aliyeandaliwa vyema hufungua sanduku lake la bati, akatoa kipande cha karatasi kilichoandikwa na mama kwa mkono.