Namba Iliyochongwa kwenye Chuma

Rais John F. Kennedy alipouawa mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963, polisi waliokota bunduki ya Kiitalia iliyochongwa C2766. Kabla ya mapambazuko, wapelelezi wa FBI walikuwa wameshafika kwenye daftari la duka la Klein's, Chicago. Bunduki hiyo ilikuwa imeagizwa kwa posta mwezi Machi mwaka huohuo kwa jina la A. Hidell, na sanduku la barua ilikopelekwa lilikuwa la Lee Harvey Oswald, aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Alama za bunduki ni za kale kuliko kazi hiyo ya upelelezi. Chama cha mafundi wa bunduki cha London, kilichopewa hati na Mfalme Charles I mwaka 1637, kilijaribu mitutu kwa kuishindilia baruti kupita kiasi. Uliohimili ulipigwa muhuri. Muhuri huo ulimlinda mnunuzi asilipukiwe usoni.

Namba ikawa sharti kwa kila bunduki ya kiwandani nchini Marekani kwa sheria ya mwaka 1968. Kanuni za baadaye zikataka mchoro uwe na kina cha takribani milimita 0.08. Kipimo hicho kidogo kina maana kubwa: namba ikigongwa, chuma kilicho chini yake hubanwa, hivyo hata mhalifu akiikwangua kwa tupa, mtaalamu wa maabara anaweza kuirudisha kwa kupaka tindikali.

Sheria hiyo iliwabana watengenezaji na wauzaji wenye leseni. Raia aliyejiundia bunduki nyumbani kwa matumizi yake hakuguswa, na wakati ule jambo hilo halikuonekana kuwa na uzito, kwa kuwa wenye ujuzi na mashine za kuchonga chuma walikuwa wachache. Ndipo vikaja vifurushi vya vipande vilivyokaribia kukamilika, ambavyo mtu mwenye keekee humalizia sebuleni. Mwaka 2013 ikaja Liberator, bastola ya plastiki iliyochapwa kwa printa.

California ilitangulia kuziba mwanya: tangu Julai 2018, anayetaka kujiundia bunduki huomba namba serikalini kwanza. Serikali ya shirikisho ilifuata Agosti 2022. Muuzaji mwenye leseni akipokea bunduki ya nyumbani isiyo na namba, huichonga ndani ya siku 7, na vifurushi vingi vikahesabiwa kuwa silaha kamili. Machi 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikubali kanuni hiyo kwa kura 7 dhidi ya 2. Hata hivyo, anayeunda yake mwanzo hadi mwisho na kubaki nayo bado hadaiwi namba na sheria ya shirikisho. Huo ni upungufu mzito, kwa kuwa bunduki huibwa na hurithiwa.

Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo, iliyosainiwa Aprili 2004 na nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, haikuacha nafasi hiyo: inataka silaha ichongwe inapoundwa, ikionyesha mtengenezaji, mahali na namba. Magobore ya mafundi wa vijijini yanayokamatwa mikononi mwa majangili hayana hata kimoja kati ya hivyo.