Tume ya Watu 20 na Mzee Wake

Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulipozaliwa Aprili 26, 1964, ilikubaliwa kwamba katika muda wa mwaka mmoja litaitwa Bunge Maalum litunge katiba. Mwaka ukapita, wakati ukasogezwa mbele, na nchi ikaendeshwa kwa Katiba ya Muda ya 1965, yenye vyama viwili vya ukombozi: TANU Bara na Afro-Shirazi (ASP) Visiwani. Kazi hiyo ya katiba iliyosubiri miaka 12 ndiyo iliyokuja kuangukia mikononi mwa Sheikh Thabit Kombo Jecha.

Rais, Mwalimu Nyerere, alitoa rai ya kuunganisha vyama hivyo mwaka 1975. Oktoba 1976 ikateuliwa Tume ya watu 20 ya kuandaa Katiba ya chama kipya, kumi kutoka TANU na kumi kutoka ASP. Makamu Mwenyekiti alikuwa Peter Kisumo. Katibu alikuwa Pius Msekwa, ambaye wakati huo aliongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasomi na watu hodari hawakukosekana, lakini kiti alipewa mzee wa Unguja aliyezidi miaka 70.

Wazee wa vyama hivyo hawakuuliza kwa nini. Sheikh Thabit alikuwa katika uongozi wa Jumuiya ya Washirazi ilipoungana na Jumuiya ya Waafrika, Februari 5, 1957, ikazaliwa ASP. Waliokuwa wakitazamana kwa shaka alikwisha kuwaketisha pamoja. Alikuwa Katibu Mkuu wa ASP enzi za Rais wa Zanzibar, Mzee Karume, na jioni ile ya Aprili 7, 1972, pale Kisiwandui, makao makuu ya ASP, risasi zilizomuua Mzee Karume zilimjeruhi na yeye. Mtu wa namna hiyo akiwaambia Wazanzibari kwamba chama chao hakimezwi, walimsikiliza. Alikuwa mshenga anayeaminiwa na nyumba zote mbili.

Katiba ya chama kipya ilikuwa tayari Januari 1977, miezi michache tu tangu Tume iundwe. Chama Cha Mapinduzi (CCM) kikazaliwa Februari 5, siku ileile ya ASP, miaka 20 kamili baadaye. Sidhani kama kulikuwa na njia bora zaidi ya kuwaheshimu Waafro-Shirazi.

Mwezi uliofuata Rais aliwapa watu walewale 20 kazi ya Katiba ya nchi. Chama kimoja, nacho kimeshika hatamu: hayo yalikwisha kuamuliwa, na Tume iliyaandika kisheria. Bunge likageuzwa Bunge Maalum, likaipitisha Aprili 25, 1977. Wapo waliosema baadaye kwamba mjadala ulikuwa mfupi. Yaliyo mazito yalikwisha kuzungumzwa kwenye vikao vya Tume, chini ya mwenyekiti yule.

Yaliyofuata ni mengi. Mwaka 1984, baada ya hali ya hewa ya kisiasa kuchafuka Zanzibar na kutulia, haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba. Sheikh Thabit aliwahi kuyaona hayo. Alifariki mwaka 1986, Mwenyezi Mungu amrehemu. Masimulizi yake yamehifadhiwa kitabuni. Baada yake Katiba ikaendelea kubadilishwa. Vyama vingi, 1992. Mgombea mwenza, 1994. Mabadiliko ya 13, mwaka 2000. Ya 14, mwaka 2005. Kisha ikaja safari ya katiba mpya: Tume ya Jaji Warioba, 2012, na Bunge Maalum la Dodoma, 2014.

Hata hivyo, Katiba inayotumika hadi leo ni ile ya 1977. Mabadiliko ya mwaka 2000 yalipopitishwa, aliyekalia kiti cha Spika alikuwa Pius Msekwa, katibu wa Sheikh Thabit.