Iskandar na Pembe Zake

Jina Iskandar, ambalo Waswahili wamelipokea kwa njia ya Kiarabu, ni lile lile Alexandros la Kigiriki, lenye maana ya mlinzi wa watu, alilopewa mwana wa mfalme Filipo wa Makedonia aliyezaliwa Pella mwaka 356 KK. Katika Kiarabu silabi ya kwanza, al, ilichukuliwa kuwa kibainishi, yaani kile kijineno kinachotangulia nomino, ikatengwa na jina, na sauti k na s nazo zikabadilishana nafasi. Ndiyo sababu mji aliouasisi kwenye pwani ya Misri mwaka 331 KK huitwa Iskandaria, ingawa wengine huandika Aleksandria, na msomaji asiyetanabahishwa aweza kudhani ni miji miwili.

Lakabu yake ina utata zaidi. Dhulqarnaini, yaani mwenye pembe mbili, hutajwa katika Sura ya Al-Kahf, na wafasiri wengi wa kale walisema ndiye Iskandar, ilhali wengine walikataa kwa hoja, nayo ni nzito, kwamba Mmakedonia huyo aliabudu miungu mingi. Hata hivyo pembe zenyewe zina ushahidi wa dhahabu na fedha: baada ya mfalme kufa Babeli mwaka 323 KK, jemadari wake Lysimachus alitoa sarafu zenye kichwa cha Iskandar kilichoota pembe za kondoo dume, alama ya mungu Amoni, ambaye hekalu lake katika oasisi ya Siwa mshindi huyo alikuwa amelizuru akiwa hai.