Cesc Fabregas: Mbona Nakuru Ilimjua Kuliko Xavi na Iniesta?

Kama ulikulia Kaptembwo, Langa Langa ama Free Area miaka ya 2000, unamjua Cesc Fabregas hata kama hukuwa Arsenal damu. Jina lake lilikuwa mgongoni kwa jezi za mtumba na kwa kila ubishi wa steji. Lakini mbona yeye, na si Xavi ama Iniesta?

Twende na rekodi kwanza. Cesc alizaliwa Mei 4, 1987, Arenys de Mar, karibu na Barcelona. Mwaka wa 2003, akiwa na miaka 16, akahamia Arsenal. Novemba 2008 akapewa unahodha akiwa na miaka 21 tu. Ila timu ilikuwa na ukame: baada ya Kombe la FA la 2005, hakuna kikombe kingine hadi alipoenda Barcelona Agosti 2011. Xavi na Iniesta nao, msimu wa 2008/09 pekee, walibeba vitatu: La Liga, Kombe la Mfalme na Ligi ya Mabingwa.

Kwa medali Cesc alikuwa nyuma. Mtaani alikuwa mbele, na sababu kubwa ni saa. Mechi nyingi za Uingereza za Jumamosi zilianza saa kumi na moja ama kumi na mbili jioni kwetu. Umetoka job, una mbao ya kiingilio, unaingia kibandani na maboyz. Mechi kubwa za Uhispania zilianza saa nne ama saa tano usiku. Hapo mathree za Rhonda zimepungua na geti ya ploti imefungwa. Fernando Torres alipendwa kwa njia hiyo hiyo: alifungia Uhispania bao la fainali ya Euro 2008, lakini mtaa ulikuwa ushamzoea akiwa Liverpool.

Julai 11, 2010, fainali ya Kombe la Dunia, Cesc aliingia dakika ya 87. Dakika ya 116 akampa Iniesta pasi, Uholanzi wakalala 1-0. Bao lilikuwa la Iniesta, lakini Wanabunduki walijivunia ile pasi.

Sasa hapa ndio kunauma. Mwaka huo huo wa 2010, Ulinzi Stars walishinda ligi ya Kenya, mara ya nne baada ya 2003, 2004 na 2005. Nyumbani kwao ilikuwa Afraha, hapo tu karibu na Bondeni na Flamingo. Mechi ni mchana, unaenda na miguu. Hebu taja wachezaji watano wa kikosi hicho bila kushika simu.

Umekwama, si ndio? Basi saa peke yake haitoshi kueleza. Cesc alipata kitu kingine kutoka kwetu: kila Jumatatu tulimbishania, tukamtetea, tukamkasirikia hata alipotuacha. Mabingwa wa hapa kwetu walibeba kombe, na Jumatatu tukaongea juu ya Arsenal.